PhD ya kulipwa Ujerumani: barua ya profesa si mkataba

Ndugu zangu wa Unguja na Pemba mnaotafuta PhD ya kemia ya kibiofizikia Ujerumani, mlioko nyumbani na mlioko huku mkimalizia masters, naanza na jambo moja kabla ya mengine yote, kwa sababu ndilo lililoniumiza. Barua ya profesa si mkataba. Iwe na nembo ya chuo, iwe na muhuri, iwe imekuita mwenzetu mpya, kama haikutoka ofisi ya utumishi ya chuo ikiwa na kiwango cha mshahara, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, hamna fedha ndani yake.

Karatasi ziko tatu na watu wetu huzichanganya. Ya kwanza ni ya profesa kukubali kukusimamia. Ya pili ni ya kitivo kukukubali kuwa mtahiniwa wa PhD. Ya tatu ni mkataba wa kazi. Hizo mbili za mwanzo unaweza kuzipata zote na bado usiwe na hata senti. Kwetu tumezoea kuwa ukishapata chuo, unapeleka barua Bodi ya Mikopo na mambo yanafuatana. Huku hayafuatani.

Barua yangu ilisema profesa anafurahi kunipokea, kwa sharti kwamba ombi lake la fedha likubaliwe. Ombi lilikuwa limeshapelekwa kwenye mfuko wa utafiti, na majibu ya mifuko hiyo huchukua miezi. Kila nilipouliza niliambiwa mambo yanakwenda vizuri. Maana yake ilikuwa kwamba ombi limepokelewa na linasomwa, basi. Hakuna aliyenieleza kuwa likikataliwa, nafasi yangu inakufa siku ile ile. Wete huko dua ilishasomwa, pilau ilishaliwa, na mjomba alishauza karafuu zake zote ili mtoto asafiri. Ombi likakataliwa. Nililetewa mistari minne ya upole mkubwa, na mwisho wake nikatakiwa kila la heri.

Wazee wetu, nawaambia kwa heshima zote: barua ikija msiifanyie shughuli. Ombeni dua kimya kimya, karafuu ziacheni ndani. Shangazi, usiwatajie majirani tarehe ya safari ambayo mwenyewe msafiri haijui. Na akija mtu na tai yake kusema ana njia ya kuharakisha kwa milioni mbili, mpeni chai aende zake. Nafasi ya kazi ya PhD haiuzwi na haina dalali.

Wapo wanaoshauri uende hivyo hivyo kwa barua ya profesa, uweke fedha za kujikimu kwenye akaunti ya benki iliyofungwa, ukifika atakutafutia. Msikubali. Kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni euro 11,904, yaani euro 992 kwa mwezi, na huo ni mwaka mmoja tu. PhD ya kemia ni miaka mitatu mpaka mitano, na mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Mwaka wa pili utakukuta huna akiba, na Idara ya Uhamiaji ya mji itataka kuona unaishi kwa nini. Barua ya profesa si mkataba hata ukiwa umeshafika na kuzowea baridi.

Mtego wa pili ni mtoto wa huo wa kwanza. Tangazo linasema nafasi ina ufadhili, nawe unafurahi. Uliza ni ufadhili gani. Ukiwa na mkataba wa kazi unakatiwa bima ya afya, pensheni na bima ya kukosa kazi. Ukiwa na posho, mara nyingi bima unajilipia mwenyewe, na ile bei nafuu ya wanafunzi wa kawaida kwa kawaida haimhusu mtu wa PhD. Posho si mbaya zote. Ya DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi na watafiti wa nje, kwa mfano, ina bima ndani yake. Lakini uliza, tena kwa maandishi, na uliza ni ya muda gani, kwani posho ya mwaka mmoja yenye ahadi ya kuongezwa ni posho ya mwaka mmoja.

Mshahara wenyewe uko ngazi ya 13 ya utumishi wa umma, lakini wanakemia wengi hupewa asilimia 50, 65 au 75 ya ngazi hiyo huku kazi wakifanya kutwa nzima. Halafu kodi na makato hayajaja. Kwa hiyo nyumbani wasikae na simu wakibadilisha euro kuwa shilingi kwa ile namba ya juu ya jedwali la mishahara.

Kutafuta nafasi si kazi ngumu. Angalia kurasa za ajira za vyuo, Euraxess, yaani tovuti ya Ulaya ya ajira za watafiti, na skuli za utafiti za Max Planck, jumuiya ya taasisi za utafiti za Ujerumani. Vyeti vya SUZA au UDSM unavijua utaratibu wake, pasipoti pia, na viza ni kuvuka kwa boti kwenda ubalozini Dar.

Barua ya maombi ndiyo uiandike kwa moyo. Usimwambie profesa unapenda sayansi tangu utoto. Mwambie kitu unachokijua kwa mikono. Sisi tuna mwani. Kotonii hutoa karajinani, ule ute wa mwani unaogandisha vyakula, aina ya kapa, ambayo minyororo yake ikipoa hujisokota, na ikikutana na potasiamu hushikana ikawa jeli ngumu. Spinosamu hutoa aina ya aiota, na jeli yake pamoja na kalsiamu ni laini, inanesa. Kwa nini ioni moja, yaani chembe yenye chaji kama hizo za potasiamu na kalsiamu, ifanye hivi na nyengine vile ni swali halali la kemia ya kibiofizikia, na mtoto wa Pemba aliyekwenda pwani na mama yake ana haki ya kuliuliza maabara yoyote duniani.

Kwenye usaili usitaje mashine ambayo hujaigusa. Spektrofotomita, ile mashine ya kupima mwanga unaopita kwenye sampuli, uliyotumia chuoni inatosha ukiijua kweli. Mimi niliulizwa kama ningeiamini absobansi, yaani kipimo cha mwanga unaozuiwa na sampuli, ya 2.8. Jibu ni hapana: kwa kipimo hicho mwanga unaopenya haufiki sehemu 2 kati ya 1,000, hivyo unazimua sampuli na kupima tena. Walikaa kwenye swali hilo kuliko kwenye alama zangu zote.

Wenyeji wa huku nimewapenda kwa mengi. Siku yako ya mapumziko wanaiheshimu, na wakikwambia saa nne ni saa nne. Lakini usichouliza hawakwambii, na hawaoni kama wamekuficha. Kwetu mtu mzima asiyekujua atakusimamisha njiani akuonye. Huku ataona kuwa mambo yako ni yako, nami sioni kuwa huo ni ustaarabu zaidi. Ndiyo maana ile haya yetu ya kutomuuliza mkubwa habari za fedha huku inatuponza. Profesa hakuoni mlafi ukimuuliza mshahara. Wenzako wote wameuliza.

Mwenye barua mkononi leo, muandikie profesa wiki hii: fedha zimeshapatikana au zinaombwa, zinatoka mfuko gani, ni mkataba au posho, asilimia ngapi, miezi mingapi, na ofisi ya utumishi italeta mkataba lini. Akijibu kuwa fedha bado zinaombwa, mshukuru, endelea kuomba kwengine, na nyumbani waambie bado hujapata.