Trample na Deathtouch kwenye kiumbe kimoja

Mnaocheza Magic: The Gathering (mchezo wa karata), hii hesabu huleta ubishi sana mezani. Kiumbe kinachoshambulia chenye Trample (uwezo wa kupitisha pigo linalozidi) kikizuiwa, lazima kwanza kitenge pointi za pigo za kutosha kumuua kila mzuiaji. Zinazobaki ndizo zinampata mpinzani. Sasa kikiwa na Deathtouch pia (uwezo wa kuua kiumbe kwa pigo lolote), pointi 1 tu huhesabiwa kuwa ya kuua, hata mzuiaji awe na ukubwa wa tembo. Kwa hiyo kiumbe cha 6/6 (nguvu 6, ustahimilivu 6) kikizuiwa na wawili, mpe kila mmoja 1, halafu 4 zimwendee mpinzani.

Kasheshe huanza mzuiaji akiwa na Indestructible (uwezo wa kutoangamizwa). Hafi, ni kweli, lakini kanuni ya kugawa pointi haiangalii kama atakufa au la. Bado 1 inatosha, nyingine zinapita.

Na mpinzani akimwondoa mzuiaji wake pekee kabla ya mapigo? Kiumbe kisicho na Trample hakimgusi, maana kilishazuiwa. Chenye Trample kinamshushia zote 6, hata akilalamika kwamba alishazuia.