Babu akishaondoka, mkumbukeni hivi

Kwanza kabisa simu yake msiiuze wala msiifute jamani, na zile voisi alizokuwa anakutumia WhatsApp zihamishe kwenye flashi leo leo, wape na ndugu wengine wawili watatu, sisi tulichelewa kwa babu yetu wa Marangu na mpaka leo naumia, tumebaki na sekunde chache tu anauliza kama ng'ombe wamekatiwa majani.

Picha za zamani andika nyuma kwa penseli nani ni nani, muulize bibi angali anakumbuka.

Halafu Desemba ndo muda wenyewe, maana sisi Wachaga wengi tunapanda Moshi kula Krismasi, basi kabla ya kuchinja mbuzi nendeni kihambani, yaani shamba la ukoo, pale mlipomzika, fyekeni, pandeni masale, ule mmea wetu wa heshima, kuzunguka kaburi kama wazee walivyofanya, watoto nao washike jembe. Jioni kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, kila mtu aseme kitu kimoja alichofanyiwa na babu, mmoja arekodi, na atakayelia mwacheni alie. Mtori upikwe alivyoupenda yeye, wetu alitaka mzito, ndizi nyingi nyama kidogo.

Kile kiti chake cha barazani msikiguse, bibi ndo ataamua.