Kung'oa gego la mwisho ukiwa likizoni Mombasa

Wengi wanaorudi Mombasa kwa likizo humwekea daktari wa meno siku za mwisho mwisho: baada ya harusi, baada ya kuwazuru wazee Kwale na Kilifi, wakati mfukoni zimebaki za kuhesabu. Kama ni kusafisha meno au kuziba tundu, si neno. Kama ni gego la mwisho, mpango huo haufai. Kazi ya kwenye kiti huweza kuisha chini ya saa moja. Kinachokula siku ni kupona, na siku hizo unataka zikukute karibu na daktari aliyekung'oa, si Doha kwenye zamu ya usiku wala Manchester ukihangaika kupata miadi. Basi wiki ya kwanza ya likizo iwe ya jino, na harusi zifuate.

Kwanza lakini, je, ni lazima litoke? Hapa utasikia majibu mawili. Uingereza, tangu mwongozo wa mwaka 2000 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu huko, gego lililokwama lakini lisilo na ugonjwa halipaswi kung'olewa. Marekani vijana wengi hung'olewa yote manne hata kabla hayajawasumbua. Mimi niko upande wa kuacha kilichotulia. La kung'oa ni lile ambalo ufizi wake huvimba na kutoa usaha kila baada ya muda, au limeoza, au linaliozesha jirani yake, au limeota uvimbe wa majimaji ndani ya taya. Na ikiwa tayari shavu limefura, mdomo haufunguki na kumeza ni taabu, hilo si la kusubiri miadi. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Usikubali kung'olewa bila picha ya eksirei inayoonyesha taya zima. Mizizi ya magego ya chini hukaa karibu na neva inayopeleka hisia kwenye mdomo wa chini na kidevu. Ikiguswa, sehemu hiyo hufa ganzi kwa wiki kadhaa au miezi, na mara chache haipati nafuu kamili. Ya juu nayo yamepakana na sainasi, uwazi wenye hewa ndani ya mfupa wa shavu. Picha ikionyesha mizizi imeikaribia sana neva, omba upelekwe kwa bingwa wa upasuaji wa kinywa na uso. Hospitali kubwa za mjini, kama ile ya Rufaa ya Pwani, Aga Khan, Pandya na Mombasa Hospital, ni mahali pa kuanzia kuulizia. Kliniki za watu binafsi nazo ziko tele kisiwani na Nyali. Popote uendapo, uliza jina la atakayekushika, kisha litafute kwenye orodha ya wenye leseni katika tovuti ya KMPDC, baraza linalosimamia madaktari na madaktari wa meno nchini. Hakuna daktari wa maana atakayenuna kwa hilo.

Bei iulizwe yote kwa pamoja: picha, ganzi, upasuaji, dawa, na kurudi kuangaliwa. Jino la kupasuliwa ufizi haligharimu sawa na lililosimama wima. Bima ya safari kwa kawaida hulipia dharura tu, na ile ya kazini huko uliko itakutaka uombe idhini mapema. Kwa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, usiitegemee kama hujawahi kuichangia. Mwambie daktari kila dawa unayotumia, hasa za kufanya damu iwe nyepesi na za kuimarisha mifupa, na usimfiche kisukari, selimundu wala mimba.

Kwenye kiti, ganzi huondoa maumivu, haiondoi kusukumwa. Utahisi taya likielemewa, utasikia mashine ikilikata jino vipande, na mlio wa kuvunjika utakaoudhania ni mfupa wako. Ni kawaida. Mwishoni utawekewa shashi iliyokunjwa na kuambiwa uume. Uma kwelikweli, nusu saa mpaka saa nzima, usiifungue kila dakika kuchungulia.

Kazi yote ya siku ya kwanza ni kulinda bonge la damu lililoganda ndani ya shimo. Hilo ndilo kifuniko cha mfupa. Kwa hiyo hakuna kusukutua, hakuna kutema kwa nguvu, hakuna kunywa kwa mrija, hakuna sigara. Nyumbani ndipo penye mtihani, maana mama mkubwa atakuwa ameshachemsha maji ya chumvi.

"Sukutua, mwanangu, damu ikome."

"Nitasukutua kesho, mama. Daktari amesema leo nisiguse."

Na kesho yake kweli yana faida: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, kila baada ya kula, uyazungushe taratibu na kuyaachia yamwagike yenyewe. Usiku lala kichwa kikiwa juu, utandike taulo kuukuu, kwani mate yatakuwa na rangi ya damu. Damu mbichi inayoendelea kujaa mdomo hata baada ya kuuma shashi upya kwa nguvu ni ya kurudi hospitali.

Dawa ya maumivu ianze kabla ganzi haijaisha. Parasetamoli kwa mtu mzima haizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Ibuprofeni husaidia sana na uvimbe, ila si kwa mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu. Aspirini iache, huzidisha kutoka damu. Kwa uvimbe, zile barafu za ukwaju anazouza jirani kwenye vifuko zinatosha: funga moja kwenye kipande cha leso, weka shavuni dakika 20, ondoa, rudia. Usije ukaishia kuinyonya. Uvimbe hupanda mpaka siku ya pili au ya tatu, ndipo uanze kushuka, kwa hiyo picha za familia zisubiri.

Chakula hakitakutesa Mombasa. Uji wa mchele uliopoa, mbaazi za nazi zilizopondwa, viazi, ndizi mbivu, dafu lililomiminwa kwenye glasi. Kahawa tungu ya moto, muhogo wa kuchoma na pilipili, na kachiri zote zikae kando. Mabuyu ndiyo hatari isiyotajwa: kule kunyonya mbegu huvuta bonge la damu nje kama mrija. Muguka na miraa hata usijaribu, kwani tonge hukaa palepale penye kidonda.

Zingatia siku ya tatu mpaka ya tano. Maumivu yaliyokuwa yakipungua yakirudi kwa kishindo, yakapanda sikioni, na mdomo ukatoa harufu mbaya, huenda bonge limetoka na mfupa umebaki wazi. Wavutaji sigara hupatwa zaidi, na wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango pia. Usijimwagie mafuta ya karafuu nyumbani. Daktari ataosha shimo na kuweka dawa, na mara nyingi nafuu huja siku hiyohiyo. Ukipata homa, rudi aangalie kidonda, lakini pima na malaria. Aliyekaa miaka mingi ughaibuni kinga yake ya malaria imeshuka, na ni rahisi kulisingizia jino.

Kuhusu ndege, uliza daktari wako, na kama unaweza acha wiki nzima ipite. Kama ni gego la juu na lilifungua njia ya sainasi, utakatazwa kupenga kamasi kwa nguvu, na safari huenda ikasogezwa. Nyuzi nyingi huyeyuka zenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Beba nakala ya picha, ripoti, na cheti cha dawa. Wanaorudi nchi za Ghuba wakague vidonge vyao kabla ya kufunga begi: kodeini na tramadoli ni dawa zinazodhibitiwa huko, na kuingia nazo bila kibali kunaweza kukufikisha polisi. Zilizobaki ziache Mombasa, ukanunue parasetamoli ukifika.