Stili hulala kifudifudi: jinsi ya kuipanga ndani ya kasha isiumie

Wapenzi wa stili ya pedali, lile gitaa la kulazwa juu ya miguu minne linalopigwa kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi, huku pedali na nyenzo za magoti zikibadilisha sauti, salamu kwenu nyote. Somo la leo ni la kasha.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kupiga kwenye harusi ya Wakenya wenzangu kule Dallas. Stili yangu ilitoka nyumbani ikiwa salama kabisa. Nikaisimamisha ukumbini, nikalinganisha sauti za nyuzi, nikagusa wenzo wa goti ule unaoshusha uzi wa 4 na wa 8 kutoka noti ya E hadi E-flati. Sauti ilishuka vizuri, lakini haikurudi juu. Nikainama kuchungulia chini. Ufito mmoja wa pedali, kile chuma chembamba kinachounganisha pedali na mitambo ya juu, ulikuwa umechomoka njiani kutoka mfuko wake ndani ya kasha, ukapenya katikati ya mitambo na kupinda kijichuma kimoja cha kuvutia nyuzi. Kasha lenyewe kwa nje halikuwa na hata mkwaruzo.

Nyimbo tatu za kwanza za maharusi nilizipiga bila wenzo ule, na moyo uliniuma. Tangu siku hiyo nasema kila nikiulizwa: kinachoiumiza stili ya pedali mara nyingi kimo humohumo ndani ya kasha lake.

Ukiielewa stili utaona sababu. Mwili wake ni mti mzito, mara nyingi mepo (maple), na huvumilia mengi. Vilivyo dhaifu viko tumboni: fito nyembamba, springi, nyenzo za magoti, na chenja kule mwisho ambako nyuzi zinavutwa na kulegezwa. Stili ya shingo mbili, yenye nyuzi 10 kila shingo, pedali 8 na nyenzo 4 au 5, hupita kilo 30 kwa urahisi ikiwa kashani. Na humo ndani haikai kama inavyosimama jukwaani. Hulala kifudifudi, nyuzi chini, tumbo juu. Kwa hiyo uzito wote unakalia upande wa nyuzi na funguo za kukazia nyuzi, na mitambo yote inautazama mfuniko.

HATUA YA 1. Anza na kasha likiwa na stili peke yake, bila miguu wala fito za pedali. Tunataka kujua kama mfuniko unagusa mitambo. Kanda unga kidogo kama wa chapati, finyanga vidonge vya ukubwa wa ndimu ndogo, kimoja kimoja kifunge kwenye mfuko wa plastiki usishike mahali. Viweke juu ya sehemu zilizoinuka zaidi: nyenzo za magoti na mabano ya fito. Funga kasha, bana komeo zote, kisha fungua. Kidonge kilichobaki na unene wa kidole ni salama. Kilichokuwa bapa kama chapati kinakwambia kwamba kila siku unapofunga kasha unakandamiza mtambo. Hapo bandua bitana ya mfuniko mahali hapo, au inua kingo za kasha kwa ukanda wa foamu.

HATUA YA 2. Siku ya kufungasha, fito za pedali ndizo za kwanza kutoka. Zing'oe kwa mpangilio, ya pedali ya kwanza hadi ya mwisho, na uzifunge pamoja kwa mkanda wa kitambaa katika mpangilio huohuo. Kila moja imerekebishwa urefu wake ili pedali yake ikae mguu unapoitaka, hivyo ukizichanganya utapoteza nusu saa jukwaani. Mimi huzipaka rangi ya kucha, nukta moja, mbili, tatu. Kisha ziingie kwenye mfuko mrefu wa turubai unaofungwa kwa zipu au kamba. Mfuko ulio wazi juu ndio ulioniponza Dallas.

HATUA YA 3. Toa mhimili wa pedali, kile chuma kirefu kinachobeba pedali zote, kwenye miguu ya mbele. Sasa weka kasha wazi sakafuni karibu nawe, inua stili ikiwa bado na miguu yake minne, igeuze, uilaze kifudifudi kashani miguu ikielekea dari. Hapo ndipo unapofungua miguu, mmoja mmoja. Wanaofungua miguu stili ikiwa imesimama huishia kuegemeza uzito wote kwenye tundu moja la skrubu, na nati za matundu yale zikiliwa, fundi wake ni wa kutafuta kwa tochi. Kwa stili ya shingo mbili omba mtu akusaidie. Hakuna sifa katika kuumia mgongo.

HATUA YA 4. Nyenzo za magoti zinazokunjika zikunje. Zisizokunjika ziache, ila hakikisha hakuna kinacholala juu yake.

HATUA YA 5. Hii ndiyo kubwa kuliko zote, soma polepole. Stili iliyolala kifudifudi inatakiwa iegemee kwenye kingo za mwili wake, kamwe isiegemee kwenye vikonyo vya funguo. Kata vipande viwili vya foamu ngumu, ile isiyonywa maji, inayofanana na mikeka ya kulalia kambini. Sponji laini ya godoro haifai: leo inashikilia, baada ya miezi michache imebonyea, na funguo zinagusa sakafu ya kasha. Kimoja kiweke upande wa funguo, kimoja upande wa chenja, vyote vikibeba mwili. Kipimo changu ni kupitisha kidole chini ya funguo. Kikipita bila kukwama, tuko sawa.

Upande wa chenja una hatari yake. Kwenye stili nyingi za kisasa, pale ubavuni mwa kulia kuna nati ndogo za nailoni zinazotokeza, na ndizo zinazoweka sauti ya kila pedali na kila wenzo. Foamu ikizisukuma safari nzima, utafika ukute A yako si A. Toboa dirisha kwenye foamu, nati zikae hewani. Kingo za mwili zikishabanwa pande zote nne, stili haina pa kwenda.

HATUA YA 6. Miguu na mhimili ni vyuma vizito. Ningekuwa na amri, visingelala kasha moja na stili. Viweke kwenye begi lake. Kama kasha lako lina chumba cha miguu, tikisa ukuta unaokitenga. Ukilegea hata kidogo, utie skrubu na gundi kabla ya safari yoyote. Kile chuma cha kutelezea juu ya nyuzi nacho kina mfuko wake, mbali na mitambo. Pedali ya sauti, ile ya pembeni ya kuongeza na kupunguza sauti, haina ruhusa kabisa ya kuingia.

HATUA YA 7. Funga. Inua upande mmoja wa kasha kiasi cha sentimita 10, ushushe taratibu, sikiliza. Rudia upande wa pili. Ukisikia "kng" yoyote, fungua uanze upya. Ndani ya gari ilaze bapa, usiisimamishe kwa ubavu wa funguo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, kutoka Nakuru: Mwalimu, nimeletewa stili iliyotumika kutoka Marekani ikiwa imefungwa kwa mablanketi tu. Huku tunapenda sana muziki wa kantri lakini makasha ya chombo hiki hayapo madukani. Nifanyeje?

Jibu: Hongera sana, ndugu yangu. Mpelekee fundi seremala mwenye plaiwudi ya milimita 9. Pima stili ikiwa imegeuzwa, nyenzo zikiwa juu, maana kimo ndicho wengi hukosea. Ongeza sentimita 4 kila upande kwa ajili ya foamu. Mwambie atie vipembe vya bati kwenye kona na afunge mishikio kwa bolti zinazopenya mbao hadi ndani, zenye washa pana (vile vibati vya duara vinavyokaa chini ya nati). Skrubu fupi zitang'oka kwa uzito huo. Vichwa vya bolti vilivyoko ndani vifunike.

Swali, kutoka Minneapolis: Kaka, nasafiri kwa ndege mwezi ujao. Watanikubalia?

Jibu: Kwa ndege za Marekani, sheria ya usafiri wa anga ya mwaka 2012 inalitaka shirika lipokee ala kubwa kama mzigo wa chini, mradi urefu, upana na kimo cha kasha vikijumlishwa visizidi inchi 150, yaani kama sentimita 381, na uzito usizidi kilo 75, na ndege yenyewe iwe na nafasi. Kupokelewa si kusamehewa ada. Mashirika mengi huanza kutoza zaidi ya kilo 23, na mengi yana kikomo kingine cha kilo 32, kwa hiyo tenga miguu na mhimili katika sanduku la nguo. Chuma cha kutelezea kiweke hukohuko chini, mkononi kinaweza kuonekana kama silaha. Jambo la mwisho: wakaguzi watafungua kasha, na wengi hawajawahi kuona chombo hiki. Bandika ndani ya mfuniko picha kubwa ya namna kila kitu kinavyokaa.

Swali, kutoka Mombasa: Shikamoo mwalimu. Je, nilegeze nyuzi kabla ya safari? Na kutu huku pwani je?

Jibu: Marahaba mwanangu. Usilegeze. Mwili ni mti mgumu, unaweza kuhimili mvuto. Uzi ukilegea sana, kishanga cha mwisho wake huponyoka kwenye chenja na utafika ukifanya kazi ya kuurudisha. Kuhusu kutu, futa nyuzi na vyuma kwa kitambaa cha pamba kikavu kabla ya kufunga, weka vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, uvibadilishe vikishiba. Kasha lisikae kwenye sakafu ya saruji, liinue juu ya mbao mbili. Wa nchi za baridi nao: ukitoka kwenye theluji, acha kasha limefungwa ndani ya nyumba saa chache kwanza, la sivyo umande utatanda kwenye vyuma vyote.

Swali, kutoka Nairobi: Bitana ya kasha langu la zamani imeanza kunata, na stili ina alama. Ni uchafu?

Jibu: Hapana, ni sponji iliyozeeka inayeyuka. Vanishi ya nitroselulosi, iliyotumika kwenye stili nyingi za zamani, huharibika ikiguswa kwa muda mrefu na mpira au plastiki za aina fulani. Itoe stili leo hii, usingoje wikendi. Kwangua sponji yote, weka foamu ya polithini, na kati yake na mwili tandika kitambaa cheupe cha pamba.

Swali, kutoka Unguja: Mimi napiga udi. Somo hili linanihusu?

Jibu: Sehemu yake. Udi hulala chali, tumbo lake la mviringo likiwa kwenye foamu iliyochongwa kama bakuli. Egemeza shingo, sehemu ya vigingi iliyopinda nyuma iache ielee, kwa sababu kasha likianguka hapo ndipo panapovunjika. Na wewe, tofauti na sisi, legeza nyuzi kidogo ukisafiri. Uso wa udi ni mwembamba.