Kukata tawi nene bila kuumiza mti wa uani

Masika huanza Machi, na kabla ya hapo Dar nzima mapanga huwa juu ya miti. Kama una mwarobaini au mwembe ulioegemea bati, usimruhusu fundi aangushe tawi nene kwa mkato mmoja kutoka juu. Likianza kudondoka linachana gome hadi kwenye shina, na hapo ndipo kuvu na mchwa wanapoingilia.

Mwambie aje na msumeno, panga aliache nyumbani. Mkato wa kwanza uanzie chini ya tawi, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, uingie robo hivi ya unene. Wa pili aukate kutoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza kuelekea nchani mwa tawi. Tawi litaanguka bila kuvuta gome. Kisiki kinachobaki akiondoe mwishoni, nje tu ya ule uvimbe ulioko tawi linapotokea. Uvimbe wenyewe asiuguse, maana ndio utakaofunika jeraha. Rangi, oili chafu, saruji: vyote havisaidii, kidonda kiache wazi.

Na asiunyoe mti kipara! Machipukizi yanayorudi hushika juu juu tu, upepo ukivuma yanang'oka.

Tawi lililo karibu na nyaya za umeme si la fundi wa mtaani, wapigie TANESCO. Majani nayo usichome. Yatandaze chini ya mti, mbali kidogo na shina, yatunze unyevu kwenye kichanga hiki chetu kisichoshika maji.