Somo: Kuunganisha bodi za ESP32 kwa meshi bila rauta

Wakuu, leo tunafanya ESP32 (bodi ndogo za kielektroniki zenye WiFi) zipeane taarifa zenyewe, bila rauta wala bando. Kila bodi ni nodi: inatuma ya kwake na kupitisha ya wenzake, na mtandao huo ndio meshi. Mfano wetu ni kihisi cha unyevu wa udongo shambani, nodi ya kati kwenye mti, na ya tatu nyumbani inayosoma.

1. Kwenye Arduino IDE (programu ya kuandikia kodi) weka maktaba ya painlessMesh. Itaomba nyingine, kama ArduinoJson na TaskScheduler. Kubali zote.

2. Tangaza jina la meshi, nywila ya herufi 8 au zaidi, na poti 5555. Hivi vifanane kwenye kila bodi. Herufi moja ikikosewa hazionani.

3. Ndani ya setup():

Serial.begin(115200);
mesh.init(JINA, NYWILA, &ratiba, POTI);
mesh.onReceive(&pokea); // pokea: function yako inayosoma ujumbe ukifika
ratiba.addTask(soma);
soma.enable();

4. Ndani ya loop() weka mstari mmoja tu:

mesh.update();

Hapa ndipo wengi wanakwama, kwa sababu tumezoea kubandika delay(5000) kila mahali. Bodi ikiwa kwenye delay haipokei wala haipitishi, na wenzake wanaikata. Kazi ya kusoma kihisi mpe mratibu (Scheduler), umtangaze juu ya setup():

Scheduler ratiba;
Task soma(TASK_SECOND * 30, TASK_FOREVER, &tuma);

Na ndani ya tuma():

mesh.sendBroadcast(String(analogRead(34)));

5. Pakia. Ikigoma kwenye "Connecting...", shikilia kitufe cha BOOT mpaka ianze kuandika.

MASWALI

— Mkuu, kihisi changu kiko GPIO 25. Peke yake kinasoma fresh, nikiwasha meshi kinaleta vituko.
— Pini hiyo ni ya ADC2 (kisomaji cha volti cha pili ndani ya bodi), na WiFi ikiwa hewani ADC2 haitegemeki. Hamia 32 mpaka 39. Kihisi chenyewe ni kizima, usikitupe.

— Nina ESP8266 za zamani, zitaingia?
— Zinaingia, ila zinabeba miunganisho michache. Ziweke pembeni, si katikati.

— Naweza kulaza nodi kuokoa betri?
— Ya pembeni sawa, itajiunga upya ikiamka. Ya kati ikilala, shamba limekatika. Hiyo itafutie sola.

— Nataka nione data nikiwa mjini.
— Nodi ya nyumbani iunge na rauta kwa mesh.stationManual(), na meshi nzima itumie chaneli ile ile ya rauta.