Kulala hemani Itasca na watoto: somo kwa familia inayokwenda mara ya kwanza

Wenzangu mnaoishi Minnesota na majimbo ya jirani, theluji ikishayeyuka simu zinaanza: "Dada, mwaka huu na sisi tunataka kuwapeleka watoto kambini, tuanzie wapi?" Nimeona niandike mara moja, kwa utulivu, ili kila mtu apate. Nitatumia Hifadhi ya Jimbo ya Itasca kwa sababu ndiko tulikoanzia sisi na ndiko tunakorudi kila Julai. Kutoka Minneapolis ni mwendo wa saa nne hivi kwa gari, kaskazini magharibi. Ndiyo hifadhi kongwe kuliko zote za jimbo, tangu 1891. Ina maziwa zaidi ya 100, na humo mto Mississippi unaanza ukiwa mdogo kiasi kwamba mtoto anauvuka kwa miguu.

Kabla ya hatua yoyote, sikieni hili: fikeni jua lingali juu. Saa kumi alasiri ni sawa, saa tisa ni bora zaidi. Karibu kila kosa tulilofanya sisi lilitokana na kufanya kazi gizani huku watoto wana njaa.

Hatua ya 1: Shikeni nafasi mapema

Viwanja vya hema hukodiwa kupitia mfumo wa Idara ya Maliasili ya jimbo, na mlango hufunguliwa siku 120 kabla ya tarehe unayotaka. Kwa hiyo anayetaka wikendi ya Julai aanze kuhesabu tangu Machi, maana hujaa upesi. Itasca ina kambi mbili, Bear Paw na Pine Ridge. Sisi tunapenda Bear Paw kwa kuwa iko karibu na ziwa. Angalia ramani uchague kiwanja kisicho mbali na vyoo, lakini kisiwe mlangoni pao, kwa sababu taa huwaka na watu hupita usiku kucha. Mbali na kodi ya kiwanja, gari linahitaji kibali, cha siku moja au cha mwaka mzima, na hicho cha mwaka kinakuingiza katika hifadhi zote za jimbo.

Hatua ya 2: Simamisheni hema nyumbani kwanza

Uani, au hata sebuleni kama mnaishi ghorofani. Hesabuni vigingi, tazameni kama zipu zinafunga. Waachieni watoto walale humo usiku mmoja. Hema walilokwishalizoea haliwatishi sana likiwa porini.

Hatua ya 3: Mizigo

Sitaorodhesha kila kitu, ila yale ambayo watu wetu huyasahau. La kwanza ni nguo za baridi. Julai mchana utatoka jasho, lakini usiku hewa hushuka chini ya nyuzi 15 za Selsiasi, na mtoto aliyelala na fulana ataamka analia. La pili ni kitu cha kuweka juu ya godoro la hewa. Watu hujifunika blanketi tatu kwa juu na bado wanatetemeka, kwa sababu baridi inapanda kutoka chini: hewa iliyomo ndani ya godoro inapoa na kuwapoza. Tandikeni blanketi zito chini yenu kwanza, ndipo mjifunike. La tatu ni tochi kwa kila mtoto, yake mwenyewe. Nyundo, turubai, kamba, ndoo, mwavuli. Dawa ya mbu isisahaulike, mbu wa kule hawana adabu.

Kuni msibebe kutoka nyumbani. Tangu 2009 jimbo hili lina mdudu wa kijani ambaye mabuu wake hujificha chini ya gome na kuua miti, na husafiri kwa kuni za wapiga kambi. Nunueni pale pale hifadhini au kwa muuzaji aliyeidhinishwa. Kuokota kuni msituni pia hairuhusiwi.

Hatua ya 4: Kusimamisha hema

Tafuteni sehemu iliyoinuka kidogo, isiyo na mizizi. Tazameni juu pia: tawi kavu lisiwe juu ya vichwa vyenu.

Turubai la chini ndilo lililotufunza sisi. Mwaka wa kwanza nililitandaza kubwa, likatokeza pande zote, nikalisifu kabisa. Saa nane usiku mvua ikaja. Maji yaliyoteremka kutoka kwenye hema yakaangukia lile turubai, yakatiririka chini yetu kama yanaelekezwa na mfereji. Mwanangu wa mwisho ndiye aliyeniamsha: "Mama, kitanda kinaelea." Tulimalizia usiku ndani ya gari, watu watano. Turubai lazima liwe dogo kuliko sakafu ya hema. Kinachotokeza kikunjeni kwa ndani.

Hatua ya 5: Moto

Hapa naomba msiharakishe, kwa sababu hapa ndipo safari ilipo.

Kila kiwanja kina duara la chuma lenye wavu. Moto uwake humo tu. Gogo moja kavu lipasueni mpate vijiti vya unene wa kidole, kisha vingine vyembamba kama penseli. Mimi nilifundishwa na bibi yangu, kule Muheza, asubuhi za umande, kuni zikiwa mbichi nusu. Alikuwa anapanga vijiti kama paa la kibanda, anaacha mlango upande unaotoka upepo, halafu anainama chini kabisa, shavu karibu liguse majivu, na kupuliza taratibu kwa muda mrefu, siyo kwa nguvu. Binti yangu alikuwa na miaka tisa nilipompa kiberiti kwa mara ya kwanza. Alizaliwa katika nyumba ambayo moto ni kitufe. Njiti tatu zilizimika. Ya nne ikashika karatasi, ikashika ukoko wa gome, naye akainama vile vile, nywele kazikamata kwa mkono mmoja, akapuliza. Moshi ukamwingia machoni, machozi yakamtoka, asiondoke. Ulipowaka hakushangilia hata kidogo. Alinitazama tu, nami nikamwona bibi yangu.

Ndiyo maana nawajibu wale wanaoniuliza kwa nini tulipie tabu tulizozikimbia kwetu. Kuna vitu vyetu ambavyo mtoto hawezi kuvipata kwa kusimuliwa.

Mkienda kulala mwageni maji, mkoroge majivu, mmwage tena. Weka mgongo wa mkono karibu na majivu. Ukisikia joto, bado haujazimika.

Hatua ya 6: Chakula

Siku ya kwanza msipike chochote kigumu. Pilau lipikwe nyumbani, chapati zifungwe kwenye karatasi ya aluminiamu na kupashwa juu ya wavu. Nyama iliyolowekwa viungo na kugandishwa kwenye friza husaidia kupoza kasha la barafu, na kesho yake inakuwa tayari kuchomwa.

Ugali unawezekana, lakini angalieni. Jiko dogo la gesi ni jepesi na lina miguu myembamba; ukianza kusonga kwa mwiko linaweza kupinduka na maji ya moto yakamwagikia mtu. Tumia sufuria nzito na fupi, ugali mdogo, na mtu mzima wa pili ashike sufuria. Watoto wakae mbali.

Mkimaliza kula, kila chenye harufu kirudi garini na milango ifungwe: chakula, takataka, mafuta ya kupikia, hata dawa ya meno. Hemani kisiingie hata biskuti.

Hatua ya 7: Usiku

Saa nne usiku kambi yote inanyamaza, ni sheria. Waambieni watoto mapema kwamba watasikia sauti. Ziwani kuna ndege aitwaye loon, ndiye ndege rasmi wa Minnesota, na mlio wake ni kama mtu anayelia kwa mbali. Mwanangu wa kati aliusikia akanishika mkono akauminya. Nilimwambia jina lake, tukamsikiliza pamoja, na kesho yake alikuwa akimngojea.

Hatua ya 8: Asubuhi nendeni chanzo cha mto

Nendeni mapema kabla ya watu. Maji yanatoka ziwani, yanapita kati ya mawe yaliyopangwa mstari, na hapo mtavuka. Mawe yanateleza, anayeogopa apite majini, ni machache. Kuna gogo lililosimama lenye maandishi kwamba kutoka hapo mto unakwenda maili 2,552 hadi Ghuba ya Meksiko.

Wasimulieni watoto. Mwaka 1832 mvumbuzi Mmarekani, Henry Schoolcraft, alifika hapa, akaunda jina Itasca kwa kukata maneno mawili ya Kilatini, *veritas* na *caput*, yaani ukweli na kichwa. Lakini aliyemwonyesha njia ni Ozawindib, kiongozi wa Waojibwe, wenyeji wa asili waliokuwa wakilijua ziwa hilo na kuliita kwa jina lao. Sisi hadithi hii tunaijua ya kwetu: Mwingereza Speke aliandikwa kuwa ameligundua Ziwa Nyanza (Viktoria), na Mwafrika Sidi Mubarak Bombay, kiongozi wa msafara wake, alikuwa ubavuni mwake. Binti yangu aliuliza kwa nini jina la ziwa halikuwa Ozawindib. Nilimwambia aendelee kuuliza hivyo hivyo.

Jengo lililo karibu na chanzo linaitwa kwa jina la Mary Gibbs. Mwaka 1903, akiwa na miaka 24, alishika usimamizi wa hifadhi baada ya baba yake kufariki. Wakataji magogo walikuwa wamefunga bwawa, maji ya ziwa yakapanda na kuharibu miti ya kando. Alikwenda kuwakabili, nao wana bunduki. Misonobari myekundu mikubwa mtakayoipita barabarani, simameni kwa mmoja mkaukumbatie, mwone kama mikono inakutana.

Maswali ya wanachama

Mama wa Watatu, Brooklyn Park: *Dada, mimi naogopa dubu. Sema kweli, wapo?*

Wapo, mama, ni dubu weusi. Sisi miaka yote hii hatujamwona hata mmoja kambini, ila rakuni ametuibia mkate tuliouacha mezani dakika kumi. Dubu anafuata harufu. Ukitimiza lile la kurudisha chakula garini umefanya sehemu kubwa ya kazi. Akitokea, msikimbie. Kusanya watoto, simameni pamoja, pigeni kelele, mpeni njia ya kuondoka.

Baba Mapacha, Rochester: *Usiku ukiwa baridi sana, naweza kuingiza jiko la mkaa hemani kidogo tu, kisha nilitoe?*

Hapana kaka. Hata kidogo, hata zipu ikiwa wazi. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na aliyelala haamki. Jiko la gesi nalo lisiwake hemani. Jaza maji ya moto kwenye chupa imara, ifunge kwenye soksi, iweke miguuni mwa mtoto.

Mama Mdogo, St. Cloud: *Sisi ni Waislamu. Swala na udhu inakuwaje huko?*

Tulikwenda na jirani yetu Mwislamu na familia yake, mdogo wangu, kwa hiyo nakwambia nilichokiona. Vyoo vya kuvuta maji na bafu zipo, bomba za maji zipo. Walibeba kopo lao na ndoo. Waliswali kando ya hema, na alfajiri walisoma kwa sauti ya chini. Nyama walikuja nayo kutoka kwenye bucha lao la halali.

Kijana wa Fargo: *Mama yangu anakuja kutoka Tanga, ana miaka 70. Hawezi kulala chini.*

Shikamoo nyingi kwake. Mchukulie kitanda cha kukunja, kirefu kwenda juu ili asipate tabu kuinuka. Au tafuta vibanda vya mbao vya hifadhi. Vingine vina umeme. Mpe yeye kazi ya kuwasha moto. Usimkalishe tu kitini.

Mama Wawili, Minneapolis: *Vifaa ni ghali. Hema, magodoro, jiko, tutaweza?*

Mwaka wa kwanza hema letu lilikuwa la kuazima. Idara ya Maliasili ina mafunzo kwa familia zisizowahi kupiga kambi, yanayoitwa I Can Camp. Hema, magodoro na jiko wanakupa wao, na mwalimu yupo. Uliza pia maktaba ya mtaani kwako, baadhi huazimisha kibali cha gari cha siku saba.

Baba Mdogo, Duluth: *Kupe je? Nimesikia wanaleta ugonjwa wa Lyme.*

Ni kweli, na kupe wachanga ni wadogo kama mbegu ya ufuta au chini ya hapo. Suruali ndefu, iingizwe ndani ya soksi. Kila jioni tunawakagua watoto kwa tochi: nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti, kinena, na katikati ya nywele zilizosukwa. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu na ngozi umvute moja kwa moja, usimpake mafuta wala moto. Mtoto akipata homa au doa jekundu linalopanuka siku zinazofuata, mwone daktari, umwambie mlikuwa wapi.

Mama Mkwe, Brooklyn Center: *Nisamehe kuuliza, mwanangu. Tutakuwa weusi peke yetu huko? Watatuangaliaje?*

Shikamoo mama. Hukukosea kuuliza, na mimi nililala na swali hilo usiku kabla ya safari ya kwanza. Mara nyingi tumekuwa weusi peke yetu kwenye mzunguko wetu wa viwanja. Mwaka ule wa mvua, asubuhi tulipokuwa tunaanika magodoro, mzee wa kiwanja cha pili alikuja na kamba na turubai kavu, akatufungia bila maneno mengi. Wapo pia waliotutazama kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Nilisalimia, nikaendelea kukoroga chai. Ukitaka, mama, sisi tuna nafasi ya tarehe 18 Julai. Chukueni kiwanja cha pembeni yetu, na chai ya asubuhi itakuwa ya pamoja.